Watoto na Vijana Balehe Katika Maamuzi ya Kimataifa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi, walimu, walezi wa mabaraza ya watoto, na watoto wenyewe waliofikia umri wa kuyasoma. Hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali mengine yanajibika kwa sentensi mbili na mengine yamekuwa yakibishaniwa kwa zaidi ya miaka 30.

Haki ya mtoto kushiriki katika maamuzi ya kimataifa imetoka wapi?

Msingi wake ni Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Baraza Kuu tarehe 20 Novemba 1989 na kuanza kutumika tarehe 2 Septemba 1990. Ibara hiyo inazitaka nchi zihakikishe kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake anayatoa kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, na kwamba maoni hayo yanapewa uzito unaostahili kulingana na umri na upevu wake. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991. Leo una wanachama 196; Marekani iliutia saini mwaka 1995 lakini haijauridhia.

Afrika nayo ina Mkataba wake wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa Addis Ababa mwezi Julai 1990 na kuanza kutumika tarehe 29 Novemba 1999, ambao Ibara yake ya 7 inalinda uhuru wa mtoto wa kutoa maoni. Katika sheria za ndani, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake.

Wapo wanaodhani kwamba maneno “mambo yote yanayomhusu” yanaishia nyumbani, shuleni na mahakamani. Kamati ya Haki za Mtoto, yaani wataalamu 18 wanaosimamia utekelezaji wa mkataba huo wakiwa Geneva, ilikwishaliondoa shaka hilo katika tafsiri yake rasmi ya mkataba iitwayo Maoni ya Jumla Na. 12, ya mwaka 2009, ambamo ushiriki wa watoto katika ngazi ya kimataifa umezungumziwa kwa jina.

Ni maamuzi gani hasa, na yanamfikiaje mtoto ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa wilaya yake?

Ni maamuzi yanayofanywa na nchi nyingi kwa pamoja, au na mashirika yanayoendeshwa kwa fedha za nchi nyingi, kuhusu tabianchi, afya, kazi za utotoni, wakimbizi, vita, madeni ya nchi na usalama wa mitandaoni. Mfano ulio karibu nasi ni kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, inayohifadhi wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Mgao wa chakula kambini humo umepunguzwa zaidi ya mara moja kwa sababu michango ya nchi wafadhili haikutosha. Mtoto aliyeona kibaba cha unga kikipungua nyumbani kwao ameguswa na uamuzi uliopitishwa katika miji ambayo pengine hajawahi kuisikia, na waliouamua hawakulazimika kumuuliza ni mlo upi uachwe, wa mchana au wa usiku.

Nani ni mtoto, na nani ni kijana?

Kwa mikataba yote miwili, mtoto kwa jumla ni mtu aliye chini ya miaka 18. Shirika la Afya Duniani huwahesabu walio na umri wa miaka 10 hadi 19 kuwa vijana balehe. Takwimu za Umoja wa Mataifa huwaita vijana walio kati ya miaka 15 na 24, Mkataba wa Vijana wa Afrika unafika miaka 35, na Azimio 2250 la Baraza la Usalama la mwaka 2015, linalohusu vijana, amani na usalama, linaanzia miaka 18 hadi 29.

Tofauti hizi zina matokeo yake. Taasisi inaposema kwamba “sauti ya vijana” imewakilishwa, mara nyingi aliyeketi pale ni mtu mzima wa miaka 25 mwenye shahada. Kundi la vijana saba lililoundwa mwaka 2020 kumshauri Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi lilikuwa la wenye umri wa miaka 18 hadi 28, kwa hiyo kisheria hakuwamo mtoto hata mmoja. Vijana hao wana nafasi yao na kazi yao, lakini msichana wa miaka 13 hawezi kuhesabiwa kuwa amesikilizwa kwa sababu wao wamesikilizwa.

Je, mtoto ana kura katika mikutano hiyo?

Hana. Kwa kawaida wanaopiga kura ni wajumbe wa serikali. Shirika la Kazi Duniani huongeza wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi, na hapo hesabu inaishia.

Kama hana kura, basi anaingilia wapi?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na jibu lake ni kwamba anapaswa kuingia mapema kuliko anavyoingizwa sasa.

Tuchukue tukio ambalo Watanzania wengi wanalikumbuka kwa fahari. Tarehe 22 Aprili 2016, siku ya kutia saini Makubaliano ya Paris kuhusu tabianchi, Getrude Clement wa Mwanza, aliyekuwa na miaka 16 na mtangazaji wa vipindi vya redio vya watoto, alihutubia wakuu wa nchi na mawaziri katika ukumbi wa Baraza Kuu jijini New York. Siku hiyo pande 175 zilitia saini. Hotuba yake ilikuwa nzuri na ilistahili kusikilizwa na dunia nzima. Hata hivyo makubaliano yenyewe yalikuwa yamepitishwa tarehe 12 Desemba 2015, na alipopanda jukwaani hapakuwa na mstari hata mmoja uliokuwa bado unaweza kubadilishwa. Waliompa nafasi hiyo walikuwa na nia njema. Ila walimwita kwenye sherehe, wakati kikao kilikuwa kimekwisha.

Kikao chenyewe huendeshwa hivi. Rasimu huandikwa miezi mingi kabla, na kila neno lisilokubalika kwa nchi fulani huwekwa ndani ya mabano ya mraba. Wajumbe hukutana katika vikao vya matayarisho, kwa mfano vile vinavyofanyika Bonn, Ujerumani, kila katikati ya mwaka kwa ajili ya mazungumzo ya tabianchi, na kazi yao kubwa ni kuyafungua mabano hayo moja baada ya jingine, wakati mwingine hadi usiku wa manane. Mjumbe wa Tanzania au Kenya hafiki pale na mawazo yake binafsi, bali hufika na msimamo wa nchi uliokwisha kujadiliwa nyumbani baina ya wizara. Kwa Tanzania, masuala ya mazingira yako chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Kwa hiyo baraza la watoto linalotaka neno lake lifike Bonn linapaswa kubisha hodi Dodoma kwanza, wakati msimamo bado haujafungwa, likiwa na aya mbili zilizoandikwa vizuri kuhusu jambo moja linalojulikana. Nauli ya kufika Dodoma ni ndogo kuliko tiketi ya ndege, na nafasi ya kusikilizwa huko ni kubwa zaidi.

Kuna pia milango iliyo rasmi. Tangu Mkutano wa Rio wa mwaka 1992, watoto na vijana wanatambuliwa kuwa mojawapo ya makundi makuu tisa yanayoshirikishwa katika masuala ya maendeleo endelevu, na katika mazungumzo ya tabianchi wana kundi lao linaloitwa YOUNGO, linaloruhusiwa kutoa matamko na kukutana na wenyeviti wa vikao.

Je, watoto wamewahi kubadilisha kitu, au wanapigiwa makofi tu?

Wamewahi, ingawa si mara nyingi kama picha za mikutano zinavyotaka tuamini.

Mwezi Mei 2002, Baraza Kuu lilipofanya kikao maalumu kuhusu watoto, zaidi ya watoto 400 kutoka nchi zaidi ya 150 walikutana kwa siku tatu kabla ya kikao, wakaandika tamko lao, kisha wasichana wawili, mmoja wa miaka 13 kutoka Bolivia na mwingine wa miaka 17 kutoka Monaco, wakalisoma mbele ya viongozi wa dunia. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza watoto kulihutubia Baraza Kuu kwa niaba ya watoto. Mlango ulifunguka, lakini waraka wa mwisho wa serikali ulikuwa umejadiliwa na wakubwa.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 2023, Kamati ya Haki za Mtoto ilipotoa Maoni ya Jumla Na. 26 kuhusu haki za mtoto na mazingira, yenye mkazo maalumu juu ya mabadiliko ya tabianchi. Safari hii watoto walishirikishwa kabla ya rasimu na wakati wa rasimu, na michango zaidi ya 16,000 ilipokelewa kutoka kwa watoto wa nchi 121. Maoni ya jumla ni tafsiri rasmi ya mkataba, na Kamati huyatumia inapoihoji nchi kuhusu utekelezaji. Mtoto aliyejaza dodoso lile ameacha alama mahali ambapo mwanasheria wa serikali atalazimika kuisoma.

Mfano mwingine si wa watoto kisheria, lakini unafundisha namna ya kufanya. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini walianza kampeni ya kuitaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki itoe maoni kuhusu wajibu wa nchi katika suala la tabianchi. Hawakuanza na jukwaa la dunia. Walianza na serikali za visiwa vyao. Vanuatu ikalibeba wazo hilo, Baraza Kuu likalipitisha tarehe 29 Machi 2023 bila kupiga kura, na tarehe 23 Julai 2025 mahakama ikatoa maoni yake kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kuilinda tabianchi.

Kwa nini wanaochaguliwa kwenda ni walewale?

Kwa sababu vigezo visivyoandikwa huwachuja wengine. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita na Kiswahili hakimo, kwa hiyo anayechaguliwa ni yule anayezungumza Kiingereza au Kifaransa kwa ufasaha, ambaye kwa kawaida ni mtoto wa mjini aliyesoma katika shule ya kulipia. Katika Umoja wa Afrika hali ina unafuu, kwani Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake rasmi, na mabaraza ya watoto yangefanya vizuri kulidai hilo kwa vitendo. Kisha kuna cheti cha kuzaliwa, pasipoti na viza. Mtoto asiye na cha kwanza hawezi kupata cha pili wala cha tatu.

Kalenda nayo huwa kikwazo. Mkutano mkuu wa tabianchi kwa kawaida hufanyika mwezi Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na Novemba ndio mwezi wa mtihani wa kidato cha nne Tanzania na wa KCSE Kenya. Anayepanga ratiba ya mkutano unaosemekana kuwa wa vizazi vijavyo angeweza kuanza kwa kuangalia ratiba ya mitihani ya vizazi hivyo.

Watoto wenye ulemavu, wanaoishi mitaani, wakimbizi na waliokwisha kuozeshwa ndio wanaoachwa nyuma zaidi, hali wao ndio wanaozungumzwa zaidi katika nyaraka. Dawa yake si kumpeleka mmoja wao ili apigwe picha. Afadhali mjumbe mmoja aliyetumwa na wenzake, mwenye maelezo yaliyokusanywa kutoka kwao, kuliko wajumbe watano wasiowakilisha mtu yeyote.

Itakuwaje watoto wakisema jambo ambalo wakubwa hawataki kulisikia?

Hapo ndipo nia ya kweli hujulikana. Suala la kazi za utotoni ni kipimo kizuri. Mwaka 1998 watoto waliokuwa wametumikishwa waliandamana pamoja na wakubwa kutoka mabara mbalimbali hadi Geneva, wakaingia katika mkutano wa Shirika la Kazi Duniani. Mwaka uliofuata ulipitishwa Mkataba Na. 182 dhidi ya aina mbaya zaidi za kazi za watoto, na mwaka 2020 ukawa mkataba wa kwanza wa shirika hilo kuridhiwa na nchi wanachama wote. Ujumbe wa watoto wale ulilingana na msimamo wa wenye mkutano, nao wakapokewa vizuri.

Ila wapo watoto wengine. Mwaka 1996 wawakilishi wa watoto wanaofanya kazi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walikutana Kundapur, India, wakasema kwamba wanapinga unyonyaji lakini wanataka kazi yenye heshima, saa zinazowaruhusu kusoma, na kushirikishwa katika kila uamuzi unaowahusu. Harakati za namna hiyo, ikiwemo ya Watoto na Vijana Wafanyakazi wa Afrika iliyoanza mwaka 1994, zimekuwa zikikuta milango mizito katika mikutano ya dunia. Mtu anaweza kutokubaliana nazo, na zipo hoja nzito za kutokubaliana nazo. Ibara ya 12 haisemi kwamba mtoto lazima ashinde. Inachokataza ni kumchagua msemaji kwa kuangalia kama atasema tunachotaka.

Je, haya hayapingani na adabu na malezi yetu?

Mkataba wa Afrika wenyewe unalijibu swali hili, kwa kuwa Ibara yake ya 31 inataja wajibu wa mtoto, ukiwemo wa kuwaheshimu wazazi, wakubwa na wazee wakati wote. Waandishi wake hawakuona mgongano kati ya heshima na maoni. Mtoto anayesema “Shikamoo, Mheshimiwa” kisha akaeleza kwamba choo cha shule yao hakina mlango hajamvunjia mtu heshima.

Mwanangu amealikwa kwenye mkutano wa kimataifa. Niulize nini kabla ya kutoa ridhaa?

Anza kwa kumuuliza yeye mwenyewe kama anataka kwenda, na umwambie kwamba anaweza kubadili nia hata akiwa uwanja wa ndege. Kisha waulize waandalizi hotuba inaandikwa na nani. Mtoto akikabidhiwa karatasi iliyokwisha chapwa, huo si ushiriki. Mtafiti Roger Hart, aliyechora ngazi ya ushiriki wa watoto mwaka 1992, aliziweka hali za namna hiyo katika vidato vitatu vya chini, ambavyo kwake si ushiriki hata kidogo: kutumiwa, kupambishwa, na kuwekwa kwa ajili ya kuonekana tu.

Uliza pia msindikizaji ni nani, amechunguzwa vipi, na atalala karibu kiasi gani na mtoto. Nani atamlipia bima ya afya. Picha na video zitatumika wapi na kwa muda gani. Watoto wanaosimama hadharani hutukanwa mitandaoni, wengine hupata shida nyumbani au shuleni kwa sababu ya walichokisema ughaibuni, kwa hiyo lazima kuwe na mtu mwenye jina na namba ya simu atakayeshughulikia hayo mtoto akisharudi. Usikubali mtoto atakiwe kusimulia jukwaani ukatili aliofanyiwa. Maoni kuhusu sheria anaweza kuyatoa bila kuvuliwa siri zake mbele ya wageni.

Mtoto asiyesafiri anaweza kufanya nini?

Mengi. Kila nchi mwanachama huwasilisha taarifa kwa Kamati ya Haki za Mtoto kwa vipindi, na watoto wanaruhusiwa kupeleka taarifa yao wenyewe sambamba na ile ya serikali. Maelezo ya mabaraza ya watoto ya kata na wilaya, yakikusanywa kwa uangalifu, ni malighafi ya taarifa hiyo. Tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika inayowakumbuka wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976, viongozi huwa karibu na huwa wamejiandaa kusikiliza, ijapokuwa ngonjera na maandamano hula muda mwingi kuliko maswali. Redio za jamii ni njia nyingine, na tumekwisha kuona zilimfikisha wapi msichana mmoja wa Mwanza.

Je, watoto wanaweza kupeleka malalamiko kimataifa?

Wanaweza. Itifaki ya Hiari ya Mkataba wa Haki za Mtoto, iliyopitishwa mwaka 2011 na kuanza kutumika mwezi Aprili 2014 inawaruhusu kulalamika mbele ya Kamati iliyoko Geneva, ikiwa nchi inayolalamikiwa imeiridhia na njia za ndani zimekwisha kutumika. Barani kwetu, Kamati ya Wataalamu ya Afrika hupokea malalamiko kutoka kwa mtu, kikundi au shirika linalotambuliwa. Uamuzi wake wa kwanza, wa mwaka 2011, ulihusu watoto wa Kinubi nchini Kenya walionyimwa uraia kwa vitendo.

Mrejesho ni nini, na nani anadaiwa?

Maoni ya Jumla Na. 12 yanataja masharti ya ushiriki unaokubalika, likiwemo la uwajibikaji: watoto waelezwe maoni yao yalitafsiriwaje na yametumikaje. Sharti hili ndilo linalosahauliwa kwa urahisi zaidi. Dodoso hujazwa, daftari la mahudhurio husainiwa, soda hunywewa, kisha kimya.

Inawezekana kufanya vinginevyo. Mwezi Septemba 2019 watoto 16 kutoka nchi 12, wakiwemo wa Afrika Kusini, Nigeria na Tunisia, walizilalamikia Argentina, Brazili, Ufaransa, Ujerumani na Uturuki kwa kushindwa kuwalinda dhidi ya madhara ya tabianchi. Mwezi Oktoba 2021 Kamati ilitangaza uamuzi wake kwamba nchi inaweza kuwajibika kwa madhara ya hewa chafu yake hata kwa watoto walio nje ya mipaka yake, lakini haikulipokea lalamiko kwa sababu njia za mahakama za ndani hazikuwa zimetumika. Watoto walikuwa wameshindwa. Kamati ikawaandikia barua ya wazi, kwa lugha nyepesi, ikiwaeleza imeamua nini na kwa nini.

Baraza la watoto lolote lililotoa maoni lina haki ya kuomba kiasi hichohicho: maoni yetu yamo katika aya ipi ya waraka wa mwisho, na kama hayamo, nani aliyaondoa na kwa sababu gani. Ombi hilo liandikwe, liwekwe tarehe, na nakala yake ibaki kwa mwalimu mlezi.